Kwaresima na watoto: tuwaache wabuni huduma wenyewe au tuendelee kuwapangia?

Katekista_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Kwaresima ikikaribia, makatekista na wazazi tunaulizana: mwaka huu watoto wafanye nini? Kinachofuata tunakijua wote. Mtu mzima anachagua kituo, anapanga siku, anagawa orodha ya vitu vya kuleta. Watoto wanapangwa mstari, wanakabidhi, wanaimba wimbo mmoja, picha inapigwa, wanarudi nyumbani. Muulize mtoto wiki moja baadaye alimsaidia nani. Jina hana. Atakusimulia gari walilopanda.

Hoja yangu ni hii: mtoto aliyekabidhi mfuko uliofungwa na mama yake, kwa mtu aliyechaguliwa na katekista, siku aliyoipanga paroko, ametumwa tu. Kutumwa si kubaya, ni utii, lakini sadaka bado ni ya waliomtuma.

Tukumbuke Kanisa linadai nini kwa watoto hasa. Kanuni 1252 ya Sheria za Kanisa inawafunga kujinyima nyama wale waliotimiza miaka 14, na kufunga chakula ni kuanzia miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wa 60. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza hamo. Wengi tunaishia hapo tukisoma, ila kanuni hiyohiyo inaendelea: wachungaji na wazazi wahakikishe hata wale ambao umri wao hauwafungi wanafundishwa maana halisi ya toba. Kwa hiyo jukumu limewekwa juu yetu, na limeandikwa.

Napendekeza watoto wabuni wenyewe. Njia ninayoitumia ni ya zamani: ona, amua, tenda. Ni ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo mwaka 1925, na Papa Yohane XXIII akaitaja katika waraka wake *Mater et Magistra* wa mwaka 1961. Cardijn aliitumia na vijana wa viwandani, watu ambao hakuna aliyedhani wana la kuamua. Watoto nao tunawachukulia hivyohivyo.

Karibuni tujadili. Nitafafanua kadiri maswali yanavyokuja.

---

Mama_wa_Wanne

Milele na milele, amina. Mwalimu, naunga mkono, ila nishikishe kitu mkononi. Mimi nina watoto wanne na jirani wananiachia wa kwao. Ninawakalisha chini, ninawaambia "haya, buni"? Watabuni kucheza mpira.

---

Katekista_wa_Zamu

Mama, na wakibuni mpira usikasirike. Waulize: kuna nani anayetamani kucheza na haitwi? Huo mpira tayari una mlango.

Ila mimi huwa sianzi na "tufanye nini". Naanza na "nani hayupo". Wiki ya kwanza, tangu Jumatano ya Majivu, kazi ya mtoto ni kutazama tu. Nani alikuwa anakaa benchi lile kanisani na siku hizi haonekani? Nani darasani hana mtu wa kukaa naye wakati wa mapumziko? Nani nyumbani kwetu analala wa mwisho na kuamka wa kwanza? (Hili la mwisho huwaleta watoto kwa mama zao wenyewe, na si vibaya hata kidogo.) Anaandika au anachora kwenye daftari. Hairuhusiwi kupendekeza suluhisho wiki hiyo. Hapo ndipo pagumu, maana mtoto akiona shida anataka kuimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Wiki ya pili ni ya kuuliza, na mradi wote umesimama hapa. Kipofu Bartimayo anapiga kelele njiani, umati mzima unajua yeye ni kipofu, Yesu pia anajua, na bado anamuuliza: "Wataka nikufanyie nini?" (Mk 10:51). Kama Bwana mwenyewe aliuliza, sisi ni nani tufike na mfuko kabla ya swali?

Na angalieni ratiba ya Kanisa inavyotusaidia. Dominika ya pili ya Kwaresima kila mwaka tunasoma Yesu kugeuka sura. Petro, hata hajaulizwa, ameshaanza kugawa vibanda: kimoja chako, kimoja cha Musa, kimoja cha Eliya. Watoto hucheka sana hapo. Nawaambia: sisi wiki hii hatujengi kibanda mpaka mwenyewe aseme anakitaka.

---

Mzee_wa_Rozari

Nisamehewe, mimi ni wa zamani. Kwaresima ni sala, kufunga na kutubu. Sasa tumeleta "miradi", "kubuni", kesho tutaleta bajeti na ripoti ya robo mwaka. Watoto hawajui hata Njia ya Msalaba vizuri. Wafundishwe kusali kwanza. Huduma za jamii zina mashirika yake.

---

Katekista_wa_Zamu

Shikamoo Mzee. Hofu yako naielewa na nusu yake ni yangu. Mradi usio na sala ni kazi ya mikono tu, na mtoto anaweza kuifanya vizuri sana akatoka vilevile alivyoingia.

Lakini tusitenganishe kilichounganishwa. Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, inavitaja vitatu kwa pamoja: sadaka, sala, kufunga. Ijumaa inayofuata tunasoma Isaya 58, ambapo Mungu anasema saumu anayoipenda ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumwingiza maskini nyumbani. Jumatatu ya juma la kwanza ni Mathayo 25, "nilikuwa na njaa". Kwa hiyo kabla siku kumi hazijapita, liturujia yenyewe imeshatutoa nje ya mlango. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukasema waziwazi katika hati ya Liturujia (1963, namba 110) kwamba toba ya Kwaresima isiwe ya ndani na ya mtu binafsi tu, iwe pia ya nje na ya kijamii.

Kuhusu Njia ya Msalaba, Mzee, hapo umenipa kitu. Ijumaa tunasali na kila mtoto anachagua kituo kinachofanana na mtu aliyemwona wiki ile. Simoni wa Kirene anabebeshwa msalaba asioutaka. Veronika hakuagizwa na mtu. Watoto wanaichukua haraka kuliko sisi.

---

Mzee_wa_Rozari

Marahaba. Hilo la vituo nimelipenda. La ripoti bado sijalipenda.

---

Kaka_Mhasibu

😂 Mzee usituonee wa ripoti.

Niulize la fedha. Watoto hawana kipato. Mwisho wa siku mzazi anatoa hela, mtoto anaitia kwenye bahasha. Tunaikwepaje hiyo?

---

Katekista_wa_Zamu

Kwa kutoanza na hela. Nikishafika hatua ya kuamua, tunasoma Yohane 6:9. Kuna mtoto ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na Andrea anauliza hivyo ni nini kwa watu wengi namna hii. Kisha kila mtoto anaandika mikate yake mitano, yaani vitu vitano alivyonavyo bila kumwomba mtu mzima. Muda wa mchana. Mwandiko mzuri. Miguu ya kutumwa. Kujua kuimba. Kujua kutumia simu kuliko babu. Kuna mmoja aliandika "naweza kunyamaza muda mrefu", wenzake wakamcheka, na ndiye aliyefaa kuliko wote kukaa na mgonjwa asiyetaka maneno.

Hela ikiingia, itoke kwenye kitu mtoto alichojinyima. Marekani wana mfano mzuri wa hili: kisanduku cha kadibodi cha Rice Bowl, kilichoanza mwaka 1975 jimboni Allentown, Pennsylvania, na sasa kinasimamiwa na shirika la maaskofu, CRS. Familia inakula mlo mwepesi na kilichookolewa kinaingia kisandukuni. Asilimia 75 inakwenda kwenye kazi za shirika nje ya nchi na 25 inabaki jimboni kwao. Ninachokipenda ni kwamba mtoto anajua hela ile imetoka wapi, kwa sababu tumbo lake linajua. Mtakatifu Petro Krisologo alihubiri karne ya tano kwamba sala, saumu na huruma haziachani, na anayefunga bila huruma saumu yake haizai. Kisanduku kile kinafundisha hotuba hiyohiyo.

---

Sista_Mwalimu

Niongeze la historia, maana wengine wanadhani watoto kusaidia watoto ni jambo la juzi. Utoto Mtakatifu, chama cha Kanisa cha watoto kusaidia watoto wenzao, ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Hakuwaomba matajiri. Aliwaomba watoto sala fupi kila siku na sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali, kwanza China. Mwaka 1922 Papa Pius XI akaufanya shirika la kipapa. Wazo la askofu yule lilikuwa mtoto ni mmisionari sasa hivi, asingoje kukua.

Ila niseme na upande mwingine. Watoto wakishapewa uhuru wanaleta mambo makubwa mno. Darasani kwangu kila mwaka kuna anayetaka kujenga hospitali.

---

Katekista_wa_Zamu

Sista, wa hospitali nampenda. Simcheki wala simwambii "haiwezekani". Namuuliza: kwa nini hospitali? Atakwambia shangazi yake alilazwa na hakuna aliyekuwa anamtembelea jioni. Basi, kumbe anataka jioni za wagonjwa zisiwe na upweke, na hilo watoto sita wanaliweza kwa kadi walizoandika kwa mkono na kumpa mhudumu wa wagonjwa wa parokia azipeleke.

---

Dada_wa_Kwaya

Nisimulie ya kwetu, labda itasaidia wanaosita.

Watoto wa Kipaimara walimwona bibi mmoja ambaye alikuwa haji tena Misa. Wakaamua wenyewe: tumpelekee vitu vya nyumbani na tumfulie. Katekista akawazuia, akawaambia mwende wawili na mtu mzima, mikono mitupu, mkamsalimie na kumuuliza. Walinung'unika, kwenda mikono mitupu kwa mzee waliona aibu.

Bibi akawasikiliza, akasema vitu anavyo, nguo mjukuu anafua. Macho ndiyo yameisha. "Masomo ya Dominika siyapati. Padri akileta Komunyo nakuwa sijui wenzangu wamesoma nini."

Mpango wote ukabadilika pale. Wakatengeneza zamu, wawili kila Jumamosi jioni na mzazi mmoja, kusoma masomo ya kesho yake. Na ikabidi wajifunze kusoma! Wa kwanza alisoma kama anakimbizwa na mbwa, bibi akamgonga mkono taratibu: "Rudi, mjukuu wangu. Rudi pale Yesu alipolia." Ilikuwa Injili ya Lazaro. Kijana akarudi. Akamrudisha mara ya pili. Ya tatu akasoma polepole, na bibi akawa anatamka pamoja naye, kumbe sura nzima anaijua kwa moyo, alichokuwa amekikosa ni sauti ya mtu.

Yule kijana leo ni msomaji kanisani, na husoma vizuri kuliko sisi wakubwa.

---

Mama_wa_Wanne

Dada umeniliza. Hapo wangepeleka sabuni wangeshukuriwa, wakaondoka, na macho yangebaki vilevile.

---

Kijana_Mpambanaji

Picha je? Parokia inataka picha za ukurasa wake, wafadhili wanataka picha. Na Yesu alisema nuru yenu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yenu mema (Mt 5:16). Tusijifiche sana.

---

Sista_Mwalimu

Na sura inayofuata alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Maneno yote mawili ni ya kwake, kwa hiyo tuyaheshimu yote mawili.

---

Katekista_wa_Zamu

Mimi nina msimamo mkali hapa na sitauficha. Sura ya anayesaidiwa haipigwi picha. Hata akikubali. Mtu anayepokea kitu mbele ya watoto kumi na padri hana uhuru wa kukataa kamera. Pigeni picha ya bustani iliyolimwa, ya kadi zilizoandikwa, ya mikono ikifanya kazi. Nuru imeangaza na hakuna aliyeaibishwa.

Na waachieni watoto waamue kanuni hiyo wenyewe. Ninawauliza: "Siku uliyoumwa na kulia, ungependa darasa zima lione picha yako?" Kura hupigwa dakika hiyohiyo.

Jaribu la pili la Yesu jangwani kwa Mathayo lilikuwa hili hasa: jirushe kutoka kwenye kinara cha hekalu, watu waone. Linasomwa Dominika ya kwanza ya Kwaresima katika Mwaka A wa mzunguko wa masomo wa miaka mitatu. Lipo hapo mwanzoni kabisa kwa sababu nzuri.

---

Mzazi_Mmoja

Nimesoma kimyakimya mpaka hapa. Niseme kitu ambacho hamjakigusa. Mwanangu yuko darasa la mafundisho na sisi ndio wa kuletewa. Mwaka mmoja kikundi cha watoto kilikuja nyumbani na vitu, na mwanangu alikuwa ndani. Wenzake wa benchi moja. Hakwenda mafundisho wiki mbili. Mkipanga, kumbukeni hilo.

---

Katekista_wa_Zamu

Asante sana kwa kusema. Hili ni zito kuliko yote tuliyoandika, na ndilo linalonifanya nisitake mgawanyo wa "watoto wanaotoa" na "watoto wanaopewa".

Kwa vitendo ninafanya hivi. Kwanza, hakuna kupeleka vitu nyumbani kwa familia yenye mtoto wa rika lao. Msaada wa namna hiyo unapita kwa watu wazima, kimya, kupitia ofisi ya Karitas ya parokia au paroko. Pili, ile orodha ya mikate mitano haiulizi nani ana nini nyumbani, na hapo mtoto wako yuko sawa na mwenzake wa gari. Mara nyingi anawazidi, kwa sababu anajua kulea mdogo, anajua kungoja, anajua ni maneno gani yanaumiza. Mjane wa senti mbili (Mk 12) Yesu hakumweka upande wa wapokeaji. Alimweka mbele ya watoaji wote.

Kama utaona vema, nitumie ujumbe wa faragha. Ningependa mwanao awe kiongozi wa hatua ya kuuliza.

---

Mzazi_Mmoja

Nitamuuliza yeye kwanza, si ndiyo mnavyosema? 🙂

---

Kaka_Mhasibu

Usalama jamani. Watoto kuingia nyumba za watu.

---

Sista_Mwalimu

Hakuna mjadala: ruhusa ya maandishi ya mzazi, watu wazima wawili wanaojulikana na parokia, mtoto haachwi peke yake na mtu mzima yeyote awe nani, mlango wazi, saa ya kuanza na kumaliza inajulikana. Parokia isiyoweza kutimiza hayo ifanye mradi wa ndani ya uwanja wa kanisa.

---

Kijana_Mpambanaji

Kwetu mtoto wa Kipaimara lazima afikishe saa kadhaa za huduma ndipo apakwe Krisma. Mnaonaje?

---

Katekista_wa_Zamu

Sipendi. Saa zikihesabiwa zinageuka kodi, na kodi watu hutafuta njia ya kuipunguza. Kama paroko wako ameshaweka sharti, litii, ila karatasi unayosaini iwe na swali lingine pembeni ya saa: uliuliza nini, ukajibiwa nini?

---

Mama_wa_Wanne

Na wadogo? Wangu wa mwisho ana miaka mitano.

---

Katekista_wa_Zamu

Chini ya miaka saba usimpe mradi, mpe tendo moja la huruma kwa wiki. Katekisimu (2447) inayataja mengi yanayomfaa: kufariji, kusamehe, kuvumilia kwa saburi. Kumvumilia dada yake mkubwa wiki nzima, Mama, ni kazi kubwa ya Kwaresima kuliko vyetu vingi. Na kama anapenda mimea, mwagilieni mti wa mtu asiyeweza kuumwagilia. Papa Fransisko mwaka 2016 alipendekeza utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja uongezwe kwenye matendo ya huruma, kwa hiyo na yeye yumo.

---

Mzee_wa_Rozari

Swali la mwisho, kisha nikalale. Kwaresima inaisha. Yule bibi wa macho, Pasaka ikipita, nani anamsomea? Maana kumzoesha mtu sauti kisha kumwachia ukimya, bora msingeanza.

---

Dada_wa_Kwaya

Mzee, kwetu familia mbili zilichukua zamu. Lakini nakiri ilitokea yenyewe, hatukupanga.

---

Katekista_wa_Zamu

Ipangwe. Kwenye karatasi ya watoto, kabla ya kuandika siku ya kuanza, kuna mstari wa siku ya kumaliza na mstari wa "nani anaendelea". Mhusika aambiwe tangu salamu ya kwanza kwamba watoto hawa watakuja mpaka Dominika ya Matawi. Siku hiyo wanarudi kwake na swali lilelile la Bartimayo, safari hii kwa wakati uliopita: tulilofanya ndilo ulilolitaka? Anachojibu kinaandikwa bila kupambwa, hata akisema vijana wenu wanaongea sana.

Na jina la atakayeendelea lipatikane wiki ya tano, lisisubiri Juma Kuu. Juma Kuu kila mtu yuko kanisani, kwaya inafanya mazoezi usiku, na hakuna atakayepokea simu yako.